Uvimbe wa mishipa ya damu kwa panya wazee wa maabara: mwongozo kamili kutoka kizimbani hadi kwenye darubini

Slaidi ninazoletewa nisome hurudia kosa lilelile. Fomu imeandikwa "hemanjiosakoma ya ini", kumbe kwenye kioo kuna mishipa iliyotanuka tu na kujaa damu. Au kinyume chake: fomu inasema "ini limevilia damu", na pembeni mwa damu hiyo zimekaa seli za saratani ambazo hakuna aliyezitazama.

Wengi hudhani tatizo liko kwenye darubini. Kwa niliyoyaona, mara nyingi mambo huwa yameshaharibika mezani, siku panya alipopasuliwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mapema kuliko ulivyotarajia.

Maneno mawili kwanza. Hemanjioma ni uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani. Hemanjiosakoma ni saratani yenyewe. Vyote viwili huanzia kwenye endothelia, yaani safu nyembamba ya seli inayotandikwa ndani ya mshipa. Panya wadogo wa maabara huvipata wenyewe wakizeeka, bila kupewa dawa wala sumu: hemanjiosakoma hujitokeza kwa karibu panya 2 hadi 5 katika kila 100, kutegemea ukoo na jinsia.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kumgusa panya

Andaa vyote siku moja kabla. Ukianza kutafuta mkasi panya akiwa ameshafunguliwa, tishu zinaoza.

- Mikasi miwili midogo (mmoja wa ngozi, mmoja wa viungo), vibano viwili visivyo na meno, na wembe mpya.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01, rula, na kamera.
- Sirinji ya mililita 1 au 2, bila sindano.
- Fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, vyombo vyenye mdomo mpana, na kaseti (visanduku vidogo vya plastiki vya kushikia vipande vya tishu). Bafa ni chumvi zinazozuia fomalini isigeuke asidi.
- EDTA ya asilimia 14, dawa ya kuondoa kalisi ili mifupa ilainike na kukatika.
- Rangi za hematoksilini na eosini (rangi za kawaida za slaidi), rangi ya Perls ya kuonyesha chuma, na kingamwili inayoshika CD31 ya panya, protini iliyo kwenye seli za endothelia.
- Glavu, miwani, na chumba chenye feni ya kutoa hewa. Fomalini husababisha saratani kwa binadamu. Usiimimine kwenye chumba kilichofungwa.

Fomalini yenye bafa unaweza kuitengeneza mwenyewe: mililita 100 za fomalini ya dukani (asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye sodiamu moja (monohaidreti), na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili isiyo na maji. Pima pH, iwe karibu na 7. Usiiruke bafa hata kama unabana matumizi. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Mfuatilie panya angali hai

Panya wa gramu 30 ana damu kama mililita 2.2 mwili mzima. Uvimbe wa wengu ukipasuka usiku na mililita moja ikamwagikia tumboni, asubuhi utakuta mzoga. Panya wengi wenye ugonjwa huu hupotea hivyo, na tishu zao nzuri hupotea nao.

Kuanzia miezi 12, mpime uzito kila wiki. Akipita miezi 18, atazamwe kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tafuta nyayo na masikio yaliyopauka, tumbo lililojaa, mgongo uliopinda, manyoya yaliyosimama, na uzito unaoshuka huku tumbo likikua.

Mbebe kwa viganja viwili au ndani ya bomba la plastiki, si kwa mkia. Ukipapasa tumbo, tumia ncha za vidole viwili bila kubana. Wengu wenye uvimbe unaweza kupasuka mkononi mwako.

Dalili zikifika kiwango ambacho kibali chenu cha maadili kimekitaja, usimsubirishe hadi kesho. Kumsubirisha ni kumtesa, na kesho hiyo huenda ikakupa mzoga.

Umefanikiwa ikiwa: panya wengi wanafika mezani wakiwa hai, na kila mmoja ana rekodi ya uzito na tarehe ya kuzaliwa.

## Hatua ya 2: Akifa kabla hujamfikia

Mweke kwenye jokofu la nyuzi 4, ndani ya mfuko, haraka. Usimgandishe kwenye friza. Barafu hupasua seli nyekundu za damu na kuchana tishu, na kinachobaki ni uji wa rangi ya waridi usiosomeka.

Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kuliharibu ini kwa saa chache tu. Huanza kulegea, kisha hugeuka kijani karibu na nyongo. Andika saa alipoonekana hai mara ya mwisho na saa alipopatikana amekufa.

Kuna mtego hapa. Seli za endothelia zinapooza hubanduka ukutani na kuelea ndani ya mshipa zikiwa zimevimba. Mwanafunzi akiziona huandika saratani. Kabla ya kuamini seli inayoelea, tazama seli za ini zilizo jirani: kama nazo zimefifia viini, huo ni uozo.

## Hatua ya 3: Chagua njia moja ya kuua, uishikilie

Kila njia huacha alama yake kwenye damu, na wewe unatafuta ugonjwa wa damu.

Kwa gesi ya kaboni dioksidi, ingiza asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa sanduku kwa dakika, kisha hakikisha kifo kwa njia ya pili. Tarajia mapafu yaliyovilia damu. Sindano ya pentobarbitali, dawa ya usingizi, huvimbisha wengu kwa damu. Kuvunja shingo humwaga damu shingoni na wakati mwingine kifuani. Kukamua damu kutoka moyoni, panya akiwa katika usingizi mzito wa dawa, huacha viungo safi, lakini mishipa ya uvimbe nayo husinyaa.

Sina ninayoipendelea kupita zote. Ninachokataa ni kundi moja kuuawa kwa gesi na jingine kwa sindano, halafu mtu aje kulinganisha wengu zao.

## Hatua ya 4: Fungua, tazama, pima, piga picha

Anza na ngozi. Ichane kutoka kidevuni hadi kinenani, uibandue taratibu pande zote mbili na kuitazama kwa ndani. Uvimbe wa chini ya ngozi hubaki umeshikamana na ngozi au umelala kwenye mafuta. Ukitupa ngozi umeutupa nao.

Fungua tumbo kwa kuuinua ukuta wake kwa kibano, ili ncha ya mkasi isitoboe kilicho chini. Ukikuta damu, usiipanguse. Ivute kwa sirinji, andika mililita, kisha tafuta ilikotoka. Mara nyingi ni wengu au ini.

Kagua kwa mpangilio huu, kila panya vilevile:

1. Ini, vipande vyote vinne, juu na chini. Usisahau kile kidogo cha nyuma.
2. Wengu. Wa kawaida una kama gramu 0.1. Upime kabla ya kuukata.
3. Tezi za limfu za kwenye utando wa utumbo.
4. Ovari na mfuko wa uzazi kwa majike.
5. Moyo, mapafu, na mafuta yanayozunguka figo na korodani.
6. Uboho: chukua paja zima na mfupa wa kidari, hata kama huoni kitu. Uvimbe wa uboho mara nyingi hauonekani kwa macho.

Panya wa B6C3F1, chotara wa jike wa C57BL/6 na dume wa C3H wanaotumika katika majaribio ya miaka miwili ya National Toxicology Program ya Marekani (mpango wa taifa wa kupima sumu), hupata hemanjiosakoma zaidi kwa madume, hasa kwenye ini, wengu na uboho. Kwa majike usisahau mfuko wa uzazi na tishu za chini ya ngozi.

Uvimbe wenyewe huonekana kama doa au kifundo chekundu cheusi, wakati mwingine kama sifongo iliyoloa damu. Usiutoboe "kuona kuna nini ndani". Ukiutoboa damu hutoka, kuta hulala, na kwenye slaidi utakuta utando mtupu. Pima urefu, upana na kina kwa milimita, andika rangi na ugumu, piga picha na rula ikiwa pembeni.

Andika unachokiona, si unachokidhani. "Kifundo cheusi-chekundu, milimita 6 kwa 5 kwa 4, laini, kipande cha kushoto cha ini" ni maelezo. "Hemanjiosakoma" ni hukumu, na kwenye meza hii hakuna hakimu.

Umefanikiwa ikiwa: mtu asiyekuwepo anaweza kusoma fomu yako na kuonyesha kwa kidole ulikokuwa uvimbe.

## Hatua ya 5: Fomalini, na ile bafa niliyokutahadharisha

Tumia fomalini yenye ujazo wa angalau mara kumi ya tishu. Panya mzima hatoshi kwenye kikopo cha mkojo, hata ukimkunja vipi.

Tishu nyororo zikatwe unene wa milimita 3 hadi 5 ndipo dawa ipenye. Kifundo kilichojaa damu kiache kizima kwa saa kadhaa kwanza, kipate kukaza, halafu ukikate katikati kwa wembe mpya na kukirudisha kwenye fomalini safi. Damu nyingi huichosha fomalini upesi. Ikigeuka nyekundu, ibadilishe. Saa 24 hadi 48 zinatosha.

Sasa ile bafa. Fomalini isiyo na bafa huwa na asidi, na pH ikishuka chini ya 6 hukutana na hemoglobini na kutengeneza chembe za kahawia nyeusi zinazotapakaa juu ya slaidi yote. Kwenye tishu yenye damu kidogo zinavumilika. Kwenye uvimbe wa mishipa huziba kila kitu, na hufanana na chuma kinachobaki damu ya zamani inapovunjika. Niliwahi kupoteza wiki nzima nikibishana na mwenzangu kama kifundo kimoja kilivuja damu siku nyingi kabla ya kifo, kumbe tulikuwa tunabishana juu ya fomalini mbaya.

Mifupa, ikishakaa kwenye fomalini siku mbili, ihamishie kwenye EDTA yenye pH ya 7.2 hadi 7.4 kwa wiki moja au mbili, ukibadilisha kila baada ya siku mbili au tatu. Asidi ya fomiki hulainisha haraka zaidi, lakini huweza kuharibu kile ambacho kingamwili ya CD31 inakitafuta.

## Hatua ya 6: Kukata kipande sahihi

Kosa kubwa hapa ni kuweka kwenye kaseti kitovu cha kifundo peke yake. Kitovuni kuna damu iliyoganda na tishu iliyokufa. Majibu yako pembezoni, pale uvimbe unapokutana na tishu nzima.

Kata kipande kinachoshika vyote viwili. Kifundo kikizidi sentimita moja, chukua vipande vitatu kutoka pande tofauti. Ongeza kipande cha ini lisilo na doa, na mapafu yote, kwa kuwa saratani hii ikisambaa hupenda kwenda huko.

Kata slaidi za mikroni 4 au 5. Bloku, yaani kipande cha nta chenye tishu, ihifadhiwe, usiikate hadi ikaisha.

## Hatua ya 7: Kusoma slaidi

Hapa ndipo pa kukaa na kunywa chai. Anza na lenzi ndogo, tazama ramani nzima, ndipo upande juu. Jiulize maswali haya kwa mpangilio, na usiruke la kwanza kwa sababu la tatu linavutia.

Je, kuna mishipa kweli, au ni damu tu? Damu iliyovuja huonekana kama bwawa lenye nyuzi za fibrini (protini inayogandisha damu), bila safu ya endothelia kulizunguka. Ovari za majike wazee mara nyingi huwa na vifuko vilivyojaa damu. Tazama ukuta wa kifuko kabla ya kuupa jina.

Je, mpangilio wa kiungo umebaki? Huu ndio mstari kati ya mishipa iliyotanuka na uvimbe. Kwenye mishipa iliyotanuka, yaani anjiektasisi, nguzo za seli za ini bado zipo mahali pake, ila nafasi kati yake zimepanuka. Seli za endothelia ni bapa, chache, zimeachana, idadi yake ni ileile ya kawaida. Hakuna kilichosukumwa pembeni. Panya wazee wanayo sana hii, kwenye ini, ovari, mfuko wa uzazi, na tezi za limfu za utumbo.

Je, seli za endothelia zimeongezeka lakini zina adabu? Hiyo ni hemanjioma. Eneo lina mpaka, tishu ya asili imeondolewa au kusukumwa, na mahali pake kuna vyumba vya damu vyenye kuta nyembamba. Kila ukuta umetandikwa safu moja ya seli bapa zinazofanana. Seli zinazogawanyika ni nadra.

Je, zimekosa adabu? Hiyo ni hemanjiosakoma. Viini ni vinene, vyeusi, havilingani, na vinachomoza ndani ya mshipa kama vichwa vya misumari. Safu zinapandana. Sehemu nyingine hakuna mshipa kabisa, ni seli ndefu zilizobanana. Utakuta seli zinazogawanyika, tishu iliyokufa, na damu iliyoganda.

Kwenye ini kuna alama moja ninayoiamini kuliko zote: seli za saratani hutambaa kwenye nafasi za kawaida za ini na kuzizingira nguzo za seli za ini moja baada ya nyingine, hadi unaona visiwa vya seli za ini zilizo hai katikati ya saratani. Anjiektasisi haifanyi hivyo.

Tahadhari ya wengu ina uzito wake. Kwa panya, wengu huendelea kutengeneza damu maisha yote, na ndani yake kuna megakariosaiti, seli kubwa zenye viini vilivyojikunja. Mgeni akiziona huzidhania ni saratani. Ukiona seli kubwa imekaa peke yake katikati ya seli changa za damu, huku haijatandika ukuta wowote, iache.

Nyingine inayodanganya ni uvimbe wa seli za ini zenyewe wenye mishipa iliyotanuka ndani yake. Damu ni nyingi, lakini seli zisizo za kawaida ni za ini, si za endothelia.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kuweka kishale juu ya seli moja na kusema "hii ndiyo". Kama kishale chako kinaangukia kwenye damu kila mara, rudi swali la kwanza.

## Hatua ya 8: Rangi za ziada, pale zinapohitajika tu

CD31 itakuambia kama seli zile nene, zisizo na mshipa, zimetoka kwenye endothelia. Inasaidia kutenganisha hemanjiosakoma iliyobanana na saratani nyingine za tishu laini, kama sakoma ya histiosaiti. Lakini haitakuambia kama uvimbe ni saratani au la, maana endothelia ya kawaida nayo hupata rangi. Na kwenye wengu, megakariosaiti nazo hupata rangi. Umeonywa mara mbili.

Kingamwili iliyobaki kwenye jokofu la hospitali mara nyingi ni ya CD31 ya binadamu, na haishiki ya panya. Tafuta inayoshika CD31 ya panya na inayofanya kazi kwenye tishu iliyozamishwa kwenye nta ya parafini. SZ31 ni mojawapo. Mishipa ya kawaida kwenye slaidi hiyohiyo ndiyo shahidi wako: isipopata rangi, jaribio limeshindwa, na "hasi" yako haina maana.

Rangi ya Perls hugeuza chuma cha damu ya zamani kuwa buluu. Chembe za fomalini mbaya hubaki kahawia. Kama ningekuwa nimekumbuka hilo ile wiki ya ubishi, tungemaliza kwa saa mbili.

## Hatua ya 9: Kuhesabu

Saratani hii hupenda kuonekana sehemu nyingi kwa wakati mmoja: ini, wengu na uboho wa panya yuleyule. Mara nyingi huwezi kujua kama ilianza mahali pamoja ikasambaa au ilizuka kotekote. Andika kila kiungo, lakini kwenye jumla ya mwili mzima panya huyo ahesabiwe mara moja. Nimeona jedwali lenye "saratani 9" zilizotoka kwa panya 4.

Toa hesabu tatu: hemanjioma peke yake, hemanjiosakoma peke yake, na zote pamoja kwa viungo vyote. Ni desturi kuziunganisha kwa sababu zinatoka seli moja na ya kwanza inaweza kugeuka ya pili. Anjiektasisi isiingie kwenye jumla hiyo kamwe.

Panya aliyekufa mwezi wa 14 hakupata nafasi sawa ya kuugua na aliyefika mwezi wa 24, kwa hiyo tumia hesabu inayozingatia muda wa kuishi, kama jaribio la Poly-3. Na unapolinganisha na panya wa zamani wasiopewa dawa, wawe wa ukoo uleule, jinsia ileile, chakula kilekile, na ikiwezekana maabara ileile.

## Hatua ya 10: Msomaji wa pili

Mpe mwenzako slaidi zote za uvimbe, na baadhi ya ulizoziita za kawaida, bila kumwambia panya gani alipewa nini. Asione fomu yako. Zile mtakazotofautiana, kateni upya kutoka kwenye bloku, mikroni 50 ndani zaidi, kisha kaeni wote wawili mbele ya darubini moja, na kila mmoja aonyeshe kwa kishale seli anayoizungumzia.